Mfereji wa Puunene: Mwalimu, Miwa na Haki ya Mtoto Kufundishwa

Nilikulia jirani na shamba kubwa la miwa. Kati ya kijiji chetu na shamba hilo ulipita mfereji wa umwagiliaji, na sisi watoto tuliujua mfereji ule kuliko tulivyoijua bahari, ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Jua likipanda tulivua mashati tukatumbukia. Mlinzi wa shamba alipotokea na fimbo yake, tulitoka mbio, nguo mkononi. Mambo yalikuwa na pande mbili tu: watoto wanaoiba maji, na mtu mzima anayewafukuza. Katika miaka yote ile sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyesimama ukingoni akasema: hebu ngojeni, niwaonyeshe namna ya kupumua.

Nimeukumbuka mfereji ule kwa sababu ya swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukijadili historia ya kazi katika mashamba ya kikoloni, nikataja visiwa vya Hawaii. Kijana mmoja akauliza iwapo historia ya namna hiyo ina lolote la kutufundisha zaidi ya ujira duni na migomo. Nikamjibu kwa kisa cha mwalimu wa shule ya msingi aliyewafundisha watoto wa vibarua kuogelea ndani ya mfereji wa kampuni ya sukari, hadi wakawa mabingwa wa Marekani nzima. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha likaanza kubishana, na muda wa kipindi ukatuishia kabla ya ubishi. Makala haya ni jibu langu kamili.

Tuanze na mahali penyewe. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 visiwa hivyo vikatwaliwa na Marekani. Nyuma ya matukio hayo yote mawili kulikuwa na harufu ya sukari. Makampuni machache yalimiliki ardhi, maji, maduka na nyumba. Vibarua waliletwa kutoka China, Japani, Ureno, Korea na Ufilipino, wakagawanywa katika kambi kwa kufuata asili zao, na kwa miaka mingi ujira nao ulitofautiana kwa asili hizo hizo, ili mnyonge wa kambi hii asimwone mnyonge wa kambi ile kuwa ndugu yake. Kila kibarua alipewa kisahani cha chuma chenye namba, na kwa namba hiyo alilipwa, alikopeshwa na kuadhibiwa. Kisahani hicho kiliitwa bango. Si bango letu hili la maandamano. Ni neno la Kijapani lenye maana ya namba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa manamba, na jirani zetu wa Kenya walilazimishwa kuning'iniza kipande shingoni. Mabara ni tofauti, lakini daftari ni moja.

Katika kisiwa cha Maui, shamba kubwa lilikuwa la Puunene, kwenye uwanda mkavu wa katikati ya kisiwa. Miwa hunywa maji mengi, na uwanda ule hauna mvua ya kutosha. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1870, mifereji na mahandaki yalichimbwa kuyatoa maji upande wa mashariki wenye mvua nyingi, kutoka katika vijito ambavyo wenyeji wa Hawaii walivitegemea kwa kilimo cha magimbi. Maji yaliyopita Puunene, basi, yalikuwa na historia kabla mtoto yeyote hajaingiza mguu ndani yake. Yalichukuliwa kwa wengine, yakapelekwa kwenye miwa, na mtoto wa kibarua aliyeyachezea alihesabiwa kuwa mkorofi.

Hapo ndipo anapoingia Soichi Sakamoto. Alizaliwa Maui mwaka 1906 katika familia ya wahamiaji wa Kijapani, akawa mwalimu wa sayansi katika shule ya Puunene. Hakuwa mwogeleaji hodari, wala hakuwahi kusomea ukocha. Aliwaona wanafunzi wake wakifukuzwa kutoka kwenye mifereji, akafanya jambo ambalo kwa macho ya haraka ni dogo mno: alikwenda kwa wakubwa wa shamba akaomba watoto waruhusiwe kuoga, naye awe msimamizi wao. Kuanzia siku hiyo uhusiano wa pande mbili ukavunjika, akapatikana mtu wa tatu. Hakuwa mlinzi wala hakuwa mtoto. Alikuwa mwalimu.

Mwanzoni alisimama tu asije mtu akazama. Lakini mwalimu wa sayansi hasimami mahali siku nyingi bila kuuliza maswali. Aliona kwamba mtoto anayepiga mikono kuelekea maji yanakotoka hulazimika kutumia nguvu zake zote ili asirudishwe nyuma, na kwamba akiachia, mkondo humbeba kwa kasi ambayo peke yake asingeifikia. Akaligeuza hilo kuwa zoezi. Watoto walipanda dhidi ya mkondo kwa nguvu, kisha wakateremka nao wakipumzika na kuonja kasi, kisha wakapanda tena. Leo kila kocha anajua kanuni ya kupishanisha juhudi kali na mapumziko yaliyopimwa, na wanaoandika historia ya mchezo huu humtaja Sakamoto miongoni mwa waliotangulia kuitumia katika kuogelea. Yeye hakuisoma popote. Aliifundishwa na mfereji.

Inafaa tuelewe kwa nini njia hiyo ilifaa, kwa sababu wengi wetu hudhani kuogelea ni suala la misuli. Maji ni mazito kuliko hewa kwa mamia ya mara, na upinzani wake hauongezeki kwa kulingana na kasi. Ukiizidisha kasi maradufu, upinzani hukaribia kuongezeka mara nne. Kwa hiyo mwenye nguvu asiye na ufundi huzimaliza nguvu zake kwa kupigana na maji, na mwembamba mwenye mwili ulionyooka, kichwa kilichotulia na mkono unaoshika maji vizuri humpita. Katika mfereji, kosa la ufundi halikuhitaji kuelezwa. Mtoto aliyeinua kichwa kupita kiasi, au aliyeachia miguu izame, alijikuta anarudi nyuma papo hapo mbele ya wenzake. Na kwa kuwa anayeogelea dhidi ya mkondo hubaki karibu mahali pamoja, mwalimu aliweza kusimama ukingoni akamtazama mkono kwa mkono, pumzi kwa pumzi. Vituo tajiri vya mafunzo siku hizi hujengewa matangi yenye mkondo wa kutengenezwa ili makocha wapate nafasi hiyo hiyo.

Mfereji ulikuwa na upungufu wake. Hauna ukuta wa kugeukia, na mashindano hushindwa au kupotezwa ukutani. Kwa hiyo watoto walihamia kwa sehemu ya mazoezi yao kwenye bwawa la pale shambani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo litakalotuletea ubishi: bwawa, kama mfereji, lilikuwa mali ya kampuni.

Mwaka 1937 Sakamoto aliwakusanya watoto hao akaunda klabu aliyoiita Klabu ya Kuogelea ya Miaka Mitatu. Jina lilikuwa hesabu. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 ilikuwa imepewa jiji la Tokyo, na mwalimu aliwaambia watoto wa vibarua kwamba wana miaka mitatu ya kufika huko. Kaulimbiu yao ilikuwa Olimpiki kwanza, Olimpiki daima. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvuka kisiwa.

Tafakari uzito wa ahadi hiyo. Wazazi wa Kijapani waliohamia Hawaii walizuiwa na sheria za Marekani kupata uraia wa nchi hiyo. Mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 1952. Watoto wao walikuwa raia kwa kuzaliwa tu. Na katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932, wanaume wa Japani walishinda mashindano 5 kati ya 6 ya kuogelea mbio na kuushangaza ulimwengu. Sakamoto alikuwa akiwaandaa watoto wa watu walionyimwa uraia wa Marekani waende katika nchi ya babu zao kuiwakilisha Marekani, katika mchezo ambao nchi ya babu zao ilikuwa mbele. Katika kambi za miwa hakuna aliyekuwa na sera ya kuwatangaza watoto hao kuwa Wamarekani kamili. Mwalimu alitumia saa ya kupimia mbio.

Mwaka ule ule wa 1937 shamba la Puunene lilitikiswa na mgomo. Vibarua wa Kifilipino, chini ya chama kilichoitwa Vibora Luviminda, waliweka zana chini kudai ujira bora. Viongozi wao walifikishwa mahakamani, lakini mgomo uliwapatia nyongeza ya ujira. Wanahistoria wa kazi wanaukumbuka kama mgomo wa mwisho mkubwa wa Hawaii kuendeshwa na vibarua wa asili moja peke yao. Baada ya hapo vyama vilijifunza kuunganisha kambi zote. Ndani ya klabu ya Sakamoto, mtoto wa Kijapani na mtoto wa Kifilipino, kama Jose Balmores, walikuwa tayari katika maji mamoja. Sisemi kwamba klabu ilizaa muungano wa vibarua. Ninachosema ni kwamba katika shamba lililojengwa juu ya utengano, kila mahali ambapo watoto walipimwa kwa saa badala ya asili palikuwa na maana.

Miaka mitatu ilipita, lakini Tokyo haikuja. Mwaka 1938 Japani, iliyokuwa vitani nchini China, iliirudisha michezo. Ikapewa Helsinki. Mwaka uliofuata vita vikaikumba Ufini yenyewe, na Olimpiki ya 1940 ikafutwa. Ile ya 1944 ikafutwa pia. Watoto walifanya kila walichoambiwa, na ulimwengu wa watu wazima ukashindwa kutimiza sehemu yake.

Hata hivyo walishindana pale palipokuwa na mashindano. Mwaka 1939 klabu ile ya mfereji ilishinda ubingwa wa taifa wa wanaume wa Marekani kwa timu, ikashinda tena mwaka 1940 na mwaka 1941. Kiyoshi Nakama, aliyejulikana kama Keo, aliongoza wenzake katika mbio ndefu. Fujiko Katsutani alitwaa ubingwa wa taifa wa wanawake katika mtindo wa kifua. Bill Smith, kijana kutoka Honolulu aliyeanza kuogelea ili kurudisha afya baada ya homa ya matumbo utotoni, alihamia Maui ili afunzwe na Sakamoto, akaweka rekodi za dunia.

Kisha ikaja Desemba 1941 na shambulio la Pearl Harbor. Hawaii iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1944. Upande wa bara la Marekani, watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia, waliwekwa kizuizini. Takashi Hirose, mmoja wa nyota wa klabu, alikwenda kupigana Ulaya katika kikosi cha 442, kikosi cha askari wa Kimarekani wa asili ya Kijapani. Olimpiki iliporejea London mwaka 1948, wengi wa kizazi cha 1937 umri ulikuwa umewapita. Bill Smith alikuwepo. Alishinda medali mbili za dhahabu, moja katika mita 400 mtindo huru na nyingine katika mbio za kupokezana za mita 200 kwa wanne. Klabu ya miaka mitatu ilifika baada ya miaka 11, ikiwa imebeba mtu mmoja badala ya wengi.

Sasa turudi kwenye ubishi wa darasani. Mwanafunzi mmoja alisema: Mwalimu, hii ni hadithi ya kuwapumbaza wanyonge. Baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1920 makampuni ya sukari yaliongeza kwa makusudi michezo na burudani katika kambi ili vibarua watulie. Klabu ya kuogelea ilikuwa hisani ya tajiri, na hisani ya tajiri ni kamba. Hoja hiyo ina ukweli na siwezi kuipuuza. Mwajiri aliyetoa bwawa ndiye aliyewafikisha viongozi wa mgomo mahakamani, na sifa za mabingwa zilikuwa pia sifa za shamba.

Lakini hoja hiyo inamsahau mtoto. Nyumba ya kambi tajiri anaweza kuichukua, na ujira anaweza kuupunguza. Ujuzi ulioingia mwilini mwa mtoto hauna mlango wa kurudia ghalani. Keo Nakama alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akawa mwalimu, na mwaka 1961 akawa wa kwanza kuthibitishwa kuogelea mlango wa bahari kati ya Molokai na Oahu, kwa zaidi ya saa 15. Baadaye alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Hawaii na kuwatungia sheria, miongoni mwa wengine, wale waliowahi kuwaandika wazazi wake kwa namba. Bill Smith alirudi Honolulu akasimamia usalama wa watu baharini kwa miaka mingi. Kilichoanza kama mwalimu kuhofia mtoto asizame kiliishia kuwa kazi ya kuwaokoa wengine wasizame.

Mwanafunzi wa pili alikuja na hoja ya upande wa pili: kama mwalimu mmoja aliweza bila bajeti, kwa nini sisi tunalalamikia serikali? Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wasiipokee hoja hii kwa furaha. Sakamoto hakufanya kazi bila gharama. Gharama ilikuwapo, ila ililipwa na yeye mwenyewe, kwa jioni zake na mapumziko yake. Jamii inayoishi kwa kungoja wazalendo wa namna hiyo ina bahati nasibu mahali pa sera. Puunene alikuwepo mwalimu mmoja. Kambi nyingine zilikuwa na mifereji mingapi na walinzi wangapi?

Wa tatu akasema: basi dola ichukue jukumu lote, ianzishe shule maalumu, itafute vipaji na kuleta medali. Hilo nalo lilishajaribiwa. Ujerumani Mashariki ilikuwa na shule za michezo za watoto, makocha wasomi, madaktari na maabara. Katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 wanawake wake walishinda mashindano 11 kati ya 13 ya kuogelea. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, nyaraka zilionyesha kwamba wasichana wengi, baadhi wakiwa watoto, walikuwa wakipewa vidonge vya homoni za kiume kwa mpango wa siri wa serikali, bila kuambiwa ni nini. Walibaki na madhara ya kudumu. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani mkuu wa zamani wa michezo, Manfred Ewald, na daktari Manfred Höppner. Kule vifaa vyote vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kusimama kati ya mtoto na wale wanaotaka kumtumia.

Hapo ndipo ninapoiona hoja ya kisa hiki. Kwa kampuni, mtoto anayeogelea ni sehemu ya utulivu wa kambi. Kwa dola yenye uchu wa sifa, ni medali inayotembea. Kwa mwalimu aliye mwalimu kweli, ni mtoto, na kufundishwa ni haki yake kabla ya faida ya yeyote. Medali ikija, iwe tunda la haki hiyo. Isipokuja, kama isivyokuja mwaka 1940, mtoto awe bado amepata kitu. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa kila mradi wa michezo unaowahusu watoto: ondoa ushindi, kisha uulize mtoto anabaki na nini.

Sisi tunakaa kandokando ya Bahari ya Hindi, ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na bado watoto wetu wengi hukua bila kufundishwa kuogelea na mtu yeyote. Uwezo si tatizo letu. Mkenya Jason Dunford alifika fainali ya mita 100 ya mtindo wa kipepeo mjini Beijing mwaka 2008, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Ila mtoto wa mvuvi hana njia ya kufika huko, na kwanza hahitaji kufika huko. Anahitaji mwalimu aliyefunzwa usalama wa majini, saa mbili katika ratiba ya juma, sehemu ya ufukwe iliyopimwa kina na kuwekewa kamba, na utaratibu unaowahesabu wasichana sawa na wavulana. Hayo hayasubiri bwawa la kimataifa. Yanasubiri uamuzi wa halmashauri na fungu dogo ambalo lisiachwe litoke mfukoni mwa mwalimu.

Sakamoto aliendelea kufundisha, baadaye katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akaingizwa katika jumba la heshima la kimataifa la kuogelea mwaka 1966, na akafariki mwaka 1997. Shamba la Puunene lilivuna miwa yake ya mwisho mwaka 2016. Lilikuwa shamba la mwisho la sukari Hawaii, na wenyeji wa mashariki ya Maui walikuwa bado wakidai maji ya vijito vyao. Kampuni iliyokuwa na daftari la namba haikudumu kuliko majina ya watoto iliowahi kuwafukuza.

Nilipita karibu na mfereji wa utoto wangu likizo iliyopita. Watoto walikuwamo. Waliponiona nimesimama ukingoni, mtu mzima mwenye viatu na shati la kuchomekea, walikurupuka wakakimbia na nguo zao mkononi. Sikuwa nimewafukuza. Nilikuwa sijasema neno. Ndugu msomaji, ikiwa watoto wetu wakimwona mtu mzima hujua jambo moja tu la kufanya, basi hilo ni jambo walilofundishwa na sisi, na ni sisi tunaopaswa kuwafundisha jingine.